Mbunifu Mkuu Asiyetajwa Jina: Maisha ya Sergei Korolev (1907–1966)

Utangulizi

Jina ndicho kitambulisho cha kwanza anachopewa mwanadamu, na aghalabu ndicho kinachosalia baada ya mwili wake kurejea mchangani. Mtu akitenda makuu, hutarajiwa kwamba jina lake litavuma. Hata hivyo, historia ya karne ya 20 inaye mtu ambaye kazi yake ilisikika ulimwenguni kote mnamo Oktoba 1957, ilhali jina lake halikutajwa kwa umma hadi siku mbili baada ya kifo chake. Magazeti ya nchi yake yalimwita Mbunifu Mkuu tu. Huyu alikuwa Sergei Pavlovich Korolev, kiongozi wa wahandisi waliounda kombora la kwanza duniani lenye uwezo wa kuvuka mabara.

Jina lake la ukoo limetokana na neno la Kirusi lenye maana ya mfalme. Kwa miaka kumi hivi, mfalme huyu alikuwa nguzo ya sekta iliyoitisha Marekani na kuuvutia ulimwengu mzima, lakini serikali aliyoitumikia ilimficha kama mtu afichaye kito. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imemtesa na kumtupa katika mgodi wa dhahabu huko Siberia. Maisha yake, kwa hiyo, yanazua swali zito: msomi anaidai nini nchi iliyomdhulumu, na nchi inadaiwa nini na msomi iliyemdhulumu kisha ikamtumia?

Utoto na Elimu

Korolev alizaliwa tarehe 12 Januari 1907 katika mji wa Zhytomyr nchini Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya milki ya Urusi. Babake, Pavel, alikuwa mwalimu wa lugha na fasihi ya Kirusi. Ndoa ya wazazi wake ilivunjika angali mdogo, na mamake, Maria, akampeleka alelewe na babu na nyanya katika mji wa Nizhyn. Mtoto aliambiwa kwamba babake alikuwa amefariki. Ukweli aliupata baadaye. Upweke ulikuwa sehemu ya utoto wake, kwani hakuwa na ndugu wala wenzake wengi wa kucheza nao.

Akiwa huko Nizhyn, babu yake alimbeba mabegani wakaenda kutazama rubani mashuhuri, Sergei Utochkin, akirusha ndege katika uwanja wa maonyesho. Enzi hiyo ndege ilikuwa kioja kilichokusanya mji mzima. Mamake alipoolewa tena na mhandisi Grigory Balanin mwaka 1916, familia ilihamia Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Hapo palikuwa na kikosi cha ndege za majini, naye kijana Sergei akazoea kushinda na mafundi wa kikosi hicho. Shuleni alisomea ufundi wa ujenzi, akafuzu kuwa mwezekaji wa mapaa. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alichora ramani ya ndege isiyo na injini, nayo ikapewa jina la K-5.

Mwaka 1924 alijiunga na Taasisi ya Ufundi ya Kyiv, na miaka miwili baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Bauman jijini Moscow. Huko msimamizi wa mradi wake wa mwisho alikuwa Andrei Tupolev, mbunifu mkubwa wa ndege. Mwalimu na mwanafunzi hawa walikuja kukutana tena miaka michache baadaye, lakini katika mazingira ambayo hakuna kati yao angeweza kuyaota.

Ndani ya Orofa ya Chini

Mnamo 1931 Korolev na Friedrich Tsander walianzisha kikundi cha wapenzi wa roketi jijini Moscow. Kikundi hiki kilijulikana kwa kifupi kama GIRD, na karakana yake ilikuwa katika orofa ya chini ya ardhi ya jengo la makazi. Fedha zilikuwa haba, vifaa vikawa vya kuokoteza, na wengi wao walifanya kazi usiku baada ya ajira zao za mchana. Tsander aliaga dunia mwezi Machi 1933 kabla ya kuona tunda la juhudi zao. Tarehe 17 Agosti mwaka huo, katika uwanja wa Nakhabino nje ya Moscow, roketi yao ya GIRD-09 ilipaa kwa sekunde 18 na kufikia kimo cha mita 400 hivi. Ingawa kimo hicho kilikuwa kidogo, hiyo ilikuwa roketi ya kwanza ya Kisovieti kutumia oksijeni ya majimaji.

Jeshi lilikwisha kuona faida iliyomo. Jemadari Mikhail Tukhachevsky aliunga mkono kuundwa kwa taasisi rasmi ya utafiti wa roketi, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1933. Korolev akawa miongoni mwa wakuu wake. Kuanzia hapo, ndoto ya kusafiri angani na mahitaji ya vita vilifungwa katika kamba moja, na fundo hilo Korolev hakulifungua maisha yake yote.

Kukamatwa na Mgodi wa Dhahabu

Kinga aliyoitoa Tukhachevsky iligeuka kuwa laana. Jemadari huyo aliuawa kwa amri ya Stalin mwezi Juni 1937, na yeyote aliyewahi kuwa chini ya mbawa zake akatiliwa shaka. Mkuu wa taasisi, Ivan Kleimyonov, na naibu wake, Georgy Langemak, walikamatwa, kisha wakapigwa risasi mwezi Januari 1938. Mhandisi wa injini Valentin Glushko alikamatwa mwezi Machi. Usiku wa tarehe 27 Juni 1938 ilifika zamu ya Korolev. Nyumbani alimwacha mkewe, Xenia, na binti wao, Natalia, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu.

Alishtakiwa kwa uhujumu: kwamba alichelewesha makusudi silaha za taifa. Wapelelezi walimpiga hadi akatia sahihi maungamo ya uongo. Miongoni mwa ushahidi uliotumiwa dhidi yake yalikuwamo maungamo ya Kleimyonov, Langemak na Glushko, nayo pia yalikamuliwa kwa mateso. Kesi yake ilichukua dakika chache tu mwezi Septemba, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Mwaka 1939 alifikishwa katika mgodi wa dhahabu wa Maldyak huko Kolyma, eneo la mashariki ya mbali ambako baridi huua hata bila ya msaada wa askari jela. Kazi ilikuwa kuchimba na kusukuma mikokoteni kwa chakula kisichomtosha mtoto. Kiseyeye kilimng'oa meno mengi. Wakati huohuo mamake hakuketi akalia. Aliandika barua baada ya barua kwa wakuu wa serikali, na akawaomba marubani wawili mashuhuri, Mikhail Gromov na Valentina Grizodubova, wamtetee mwanawe. Hatimaye hukumu ilitenguliwa na ikaamriwa kesi isikizwe upya. Korolev alirejeshwa Moscow mapema 1940, akiwa mifupa na ngozi, akahukumiwa tena kifungo cha miaka minane.

Safari hii hakupelekwa mgodini. Alitiwa katika gereza la aina yake, ambamo wafungwa waliosoma waliketi mezani wakichora ndege za kivita chini ya ulinzi. Mkuu wa wabunifu humo alikuwa mfungwa mwenzake, mwalimu wake wa zamani, Andrei Tupolev. Mwaka 1942 alihamishiwa Kazan kufanya kazi chini ya Glushko, ambaye naye angali mfungwa. Aliachiliwa mwezi Julai 1944. Hata hivyo, serikali haikukiri kwamba hakuwa na hatia hadi Aprili 1957, miaka 13 baadaye. Kwa maneno mengine, karibu kila kombora lililotajwa katika sehemu zinazofuata lilibuniwa na mtu ambaye katika madaftari ya serikali alikuwa bado mhalifu.

Urithi wa Kijerumani

Mnamo Septemba 1945 Korolev alitumwa Ujerumani akiwa amevalia sare ya afisa wa jeshi. Wajerumani walikuwa wameunda V-2, kombora la kwanza la masafa marefu kutumiwa vitani, na viwanda vyake vilikuwa chini ya mlima karibu na Nordhausen. Maelfu ya wafungwa wa kambi za mateso walikufa katika mapango hayo wakilazimishwa kuyaunda makombora. Wamarekani walikuwa wametangulia kufika, wakachukua makombora kamili, nyaraka na wahandisi wakuu, akiwemo Wernher von Braun. Warusi walipata masazo. Kutokana na masazo hayo, Korolev na wenzake waliunganisha kipande kwa kipande na mchoro kwa mchoro. Mwezi Oktoba 1946 wahandisi wa Kijerumani na familia zao walisafirishwa kwa treni hadi Muungano wa Kisovieti bila ya kuulizwa hiari yao.

Katika mwaka huo wa 1946, Stalin aliidhinisha mpango wa taifa wa makombora, na Korolev akateuliwa kuwa mbunifu mkuu wa makombora ya masafa marefu katika kituo cha Podlipki, karibu na Moscow. Yafaa kueleza kwa ufupi jinsi kombora la aina hii linavyofanya kazi. Injini huwaka kwa dakika chache tu. Katika muda huo kombora hupandishwa juu, hupewa kasi na huelekezwa shabaha. Injini ikishazimika, kombora hujiendea lenyewe kama jiwe lililotoka katika kombeo, likapanda hadi kileleni mwa njia yake kisha likaanguka. Kosa dogo la kasi au la mwelekeo wakati injini inapozimwa huzaa kosa la kilomita nyingi mwishoni mwa safari. Ndiyo maana hapakuwa na njia ya kujifunza isipokuwa kujaribu, kuanguka na kujaribu tena.

Majaribio ya kwanza yalifanyika Kapustin Yar, katika nyika iliyo karibu na mto Volga. Tarehe 18 Oktoba 1947 kombora la kwanza la V-2 lilirushwa hapo. Katika vuli hiyo walirusha 11, na zaidi ya nusu hayakufikia shabaha. Mwaka uliofuata walirusha R-1, nakala ya Kisovieti ya kombora hilo, yenye masafa ya kilomita 270. Korolev hakupenda kunakili, lakini viwanda vya nchi vilijifunza humo namna ya kuunda vyuma, vali na vyombo ambavyo havikuwahi kuundwa hapo awali. R-2 ilifika kilomita 600, na R-5 kilomita 1,200. Tarehe 2 Februari 1956 kombora la R-5M lilirushwa kutoka Kapustin Yar likiwa na kichwa halisi cha nyuklia, nacho kikalipuka katika jangwa la Kazakhstan. Hilo lilikuwa jaribio la kwanza la namna hiyo duniani. Mwezi Aprili Korolev akatunukiwa nishani ya Shujaa wa Kazi ya Ujamaa, ilhali hukumu yake ya uhujumu ilikuwa haijafutwa.

Kombora Lililogeuka Ngazi

Mwezi Mei 1954 serikali iliamuru kuundwa kwa R-7, kombora la kuvuka mabara. Bomu la haidrojeni la enzi hiyo lilikuwa zito mno, na waliolibuni walitaka kombora libebe zaidi ya tani tano kwa umbali wa kilomita 8,000. Hakuna injini moja iliyoweza kufanya hivyo. Suluhisho likawa kufunga matita matano pamoja, moja katikati na manne ubavuni, yote yakiwashwa kwa wakati mmoja ardhini. Glushko ndiye aliyeunda injini. Chombo kizima kilikuwa na uzito wa tani 280 hivi, mafuta yake yakiwa ni mafuta ya taa na oksijeni ya majimaji.

Uwanja mpya ulijengwa Tyuratam, katika nyika ya Kazakhstan ambako kiangazi huunguza na kipupwe hugandisha. Baadaye serikali iliuita Baikonur, jina la mahali palipo mamia ya kilomita kutoka hapo, ili kuwapoteza maadui. Hata uwanja, basi, ulinyimwa jina lake.

Mwaka 1957 ulianza kwa huzuni. Tarehe 15 Mei R-7 ya kwanza iliondoka vizuri, lakini moto ulizuka katika mojawapo ya matita ya ubavuni na kombora likaanguka. Mwezi Juni kombora la pili lilikataa kabisa kuondoka jukwaani. Tarehe 12 Julai la tatu lilijizungusha kwa sababu ya hitilafu ya umeme, likasambaratika baada ya sekunde 33. Jijini Moscow minong'ono ilianza. Korolev alijua fika maana ya kushindwa katika nchi ile, kwani miaka 19 iliyotangulia alikuwa amefungwa kwa kosa la kuchelewesha silaha. Tarehe 21 Agosti kombora la nne lilisafiri hadi rasi ya Kamchatka, takriban kilomita 6,000. Siku chache baadaye shirika la habari la serikali likautangazia ulimwengu.

Tangazo hilo halikusema yote. Kichwa cha kombora kilikuwa kimevunjika vipande kiliporudi katika hewa nzito kwa sababu ya joto kali. Silaha isiyofika ardhini si silaha. Ilibidi kichwa kibuniwe upya, kazi ya miezi kadhaa. Hapa ndipo Korolev alipoona mwanya. Kombora lilikuwa na nguvu, lakini halikuwa na mzigo wa kijeshi wa kubeba. Setilaiti haikuhitaji kurudi ardhini. Serikali ilikuwa imekwisha kuidhinisha mpango wa setilaiti mwezi Januari 1956, ila ile kubwa iliyokusudiwa ilikuwa imechelewa. Timu yake ikaunda tufe sahili la chuma lenye kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6. Tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik ikawekwa angani, na sauti yake ya redio ikasikika katika kila bara.

Hivyo, kasoro ya silaha ndiyo iliyofungua mlango wa anga. Fauka ya hayo, uzito wa bomu ndio uliofanya kombora liwe kubwa kiasi cha kuweza kumbeba binadamu. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin alizunguka dunia juu ya roketi iliyotokana na R-7. Kama silaha, R-7 haikufaa sana. Matayarisho yake yalichukua saa nyingi, oksijeni yake haikuweza kuwekwa tangini kwa muda mrefu, na majukwaa yake machache yalionekana wazi kwa adui. Iliondolewa jeshini mwaka 1968. Kama ngazi ya kupandia angani, jamii yake ya roketi ingali inarusha vyombo vya Soyuz katika karne ya 21.

Mashindano na Gharama

Korolev hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kukaripia na mwenye wivu wa madaraka. Yeye na Glushko waligombana vikali kuhusu mafuta ya roketi. Glushko alipendelea kemikali zinazowaka zenyewe zinapokutana, ambazo huweza kuhifadhiwa tangini kwa muda. Korolev aliziona kuwa sumu isiyofaa kubeba watu. Jeshi liliegemea upande wa Glushko na mbunifu mwingine, Mikhail Yangel. Tarehe 24 Oktoba 1960, kombora la Yangel, R-16, lililipuka jukwaani huko Tyuratam wakati watu walikuwa bado wakilirekebisha kwa haraka ili kuwaridhisha wakubwa. Jemadari Mitrofan Nedelin na makumi ya watu walikufa. Ajali hiyo ilifichwa hadi 1989. Kumbe hawakuwa walio hai pekee walionyimwa majina. Hata waliokufa walinyimwa.

Kwa upande wa Korolev, usiri ulizidi baada ya Sputnik. Makala yake gazetini yalitiwa sahihi kwa jina la Profesa K. Sergeev. Katika mikutano ya kimataifa aliyeonekana alikuwa Leonid Sedov, na wageni wengi wakamdhania kuwa ndiye baba wa Sputnik. Sababu rasmi ilikuwa usalama. Sababu nyingine ni kwamba serikali ilitaka ushindi uonekane kuwa wa mfumo wala si wa mtu.

Tarehe 14 Januari 1966, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59, Korolev alifanyiwa upasuaji jijini Moscow na Boris Petrovsky, aliyekuwa Waziri wa Afya. Ilidhaniwa kuwa ni upasuaji mdogo, lakini uvimbe mkubwa wa saratani ukagunduliwa. Moyo wake haukustahimili. Inasimuliwa kwamba madaktari walipata shida kumtia bomba la hewa kwa sababu taya lake lilikuwa limeumizwa wakati wa kuhojiwa mwaka 1938. Tarehe 16 Januari gazeti la Pravda lilichapisha picha yake na jina lake kamili. Majivu yake yakazikwa katika ukuta wa Kremlin. Mwaka 1996 mji alimofanyia kazi ukapewa jina la Korolyov.

Hitimisho

Ni rahisi kumsifu Korolev kama baba wa safari za anga na kusahau kwamba mshahara wake ulitoka katika bajeti ya silaha. Ni rahisi pia kumlaumu kama muundaji wa makombora na kusahau kwamba njia nyingine ya kuzifikia nyota haikuwako katika nchi yake. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na anayesimulia maisha yake hana budi kuyabeba yote mawili.

Lililo wazi zaidi ni gharama ya utawala unaowaogopa wasomi wake. Kleimyonov na Langemak waliuawa katika kipindi ambacho elimu yao ilihitajika mno. Korolev mwenyewe aliponea chupuchupu, si kwa sababu serikali iligundua thamani yake, bali kwa sababu mama mmoja hakuchoka kuandika barua. Lau barua hizo zisingeandikwa, yamkini Mbunifu Mkuu angezikwa Kolyma akiwa mfungwa mmoja kati ya maelfu, na hakuna gazeti ambalo lingepata sababu ya kulitaja jina lake.